Mtibu Nafsi Naye Ana Imani Yake

Wengi hudhani mtaalamu wa saikolojia hana upande. Mwaka 1980 Allen Bergin, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kwamba sivyo: kila anayetibu nafsi ana jambo aliitalo jema, naye humvuta mgonjwa kuliendea, basi afadhali alitaje waziwazi. Hapo naona alisema kweli. Albert Ellis, asiyeamini Mungu, akamjibu kwamba dini ya kushikilia mno huvuruga akili. Bergin akakusanya matokeo ya uchunguzi mwingi, na mwaka 1983 akaonyesha kuwa hayathibitishi hivyo. Ellis mwenyewe, mwaka 2001, alishiriki kuandika kitabu cha kuwashauri watu wa dini. Basi mama, kabla ya kumwacha mwanao kwa mshauri, muulize: ndoa, toba, msamaha, unavionaje?