Jua Linapopatwa: Hesabu Haiondoi Ibada

Kila kunapotangazwa kupatwa kwa jua au mwezi, maswali mawili huingia nyumbani mwetu kwa pamoja. Mtoto atokaye skuli huuliza iwapo ni kivuli tu. Bibi naye huuliza ni balaa gani inayotujia. Lugha yetu yenyewe huzidisha hofu hiyo: mtu hupatwa na maradhi, hupatwa na msiba, basi jua nalo likipatwa, nyoyo hushtuka.

Jibu la Uislamu lilitolewa siku ya huzuni kubwa. Katika mwaka wa 10 Hijria, Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.) na Bi Mariya, alifariki akiwa hajatimiza miaka 2. Siku hiyo jua lilipatwa, na watu wa Madina wakasema limepatwa kwa kifo chake. Angalikuwa mtu wa kutafuta sifa, kunyamaza kungalimtosha. Lakini Mtume, na moyo wake ungali na majonzi, aliwabainishia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu. Havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Kisha akawaamrisha wasali na waombe.

Habari za sala hiyo, yenye rakaa mbili na rukuu mbili katika kila rakaa, tumezipokea pia kwa Bi Aisha (R.A.). Dadake, Bi Asmaa, alipowakuta watu wamesimama aliuliza kuna nini, naye akaashiria mbinguni kwa mkono. Wanawake walikuwamo katika safu, na elimu hiyo wakaihifadhi.

Wanafalaki hutueleza kwamba mwezi ukiingia baina ya jua na ardhi, kivuli chake hutuangukia. Ardhi ikiingia baina ya jua na mwezi, mwezi ndio uzibwao nuru. Hayo hayatokei kila mwezi kwa sababu njia ya mwezi imeinama kiasi cha nyuzi 5. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka wa 1111, alionya kwamba anayeyapinga maelezo haya kwa jina la dini huidhuru dini yenyewe, kwani hesabu yake ni thabiti, na mwenye kuielewa ataitilia shaka dini badala ya hesabu.

Onyo hilo linatuhusu sisi wazazi. Tukimwambia mtoto kwamba mwalimu wake wa sayansi amepotoka, siku atakapoihakikisha hesabu hiyo mwenyewe tutakuwa tumemlazimisha kuchagua. Ilhali hakuna cha kuchagua: hesabu humwambia saa na namna, na sala humkumbusha ni nani aliyeviwekea vyote mwendo wake.

Tarehe 2 Agosti 2027, inshallah, kivuli cha mwezi kitapita juu ya Makka yenyewe na jua litafunikwa lote kwa dakika tano hivi. Huku kwetu Pwani litafunikwa sehemu tu. Tuwaeleze watoto mapema, tuwakataze kulitazama jua kwa macho matupu kwani huyadhuru macho, na saa ikifika tutandike misala tusali nao. Wajue tangu udogoni kwamba aliyeelewa sababu ya kivuli ana haki zaidi ya kusujudu.

Wallahu aalam.