Samaki wa Mbegani Si wa Muungano

Nahodha anayeng'oa nanga Mbegani, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, akaenda dago, yaani kambi ya wavuvi, upande wa Unguja, anavuka mpaka usio na boya. Leseni aliyoikata huku Bara inatokana na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, iliyopitishwa na Bunge. Ng'ambo atakuta Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2010, iliyotungwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na maofisa wa wizara nyingine kabisa. Samaki ni walewale.

Shuleni tulikaririshwa mihimili mitatu: Serikali, Bunge, Mahakama. Ni kweli, lakini nusu. Ibara ya 4 ya Katiba ya mwaka 1977 imeweka vyombo viwili vya utendaji, viwili vya kutunga sheria na viwili vya kutoa haki. Kama huu ni muungano wa aina ya pekee au shirikisho lisilotajwa kwa jina, wanasheria wamebishana tangu 1964, na kwa maoni yangu ubishi huo umetupotezea muda. Cha kutazama ni Nyongeza ya Kwanza. Jambo lililoorodheshwa humo ni la Muungano. Lisilokuwemo, Zanzibar inajiamulia. Yalianza mambo 11, leo ni 22. Uvuvi haumo. Ndiyo maana Waziri wa Mifugo na Uvuvi anaketi katika Baraza la Mawaziri la Jamhuri ya Muungano, ilhali amri yake juu ya ngalawa haifiki Nungwi, Unguja. Serikali ya Tanganyika ilipotoweka mwaka 1964, ya Muungano ilirithi mambo ya Bara, na haijavua kofia hiyo ya pili.

Ukipita maili 12 za baharini, hali inageuka. Huko ipo Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, ya pande zote mbili, yenye makao yake Zanzibar.

Bandari nazo zimo katika orodha. Hata hivyo, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania inaendesha za Bara, na bandari ya Malindi, Unguja, iko chini ya Shirika la Bandari la Zanzibar. Kwa hiyo ile bandari kubwa ya Mbegani, ambayo Rais Jakaya Kikwete aliiwekea jiwe la msingi Oktoba 2015 kabla mradi haujakwama, kwa maandishi ilikuwa jambo la Muungano na kwa vitendo ikawa ya Bara.

Kwenye mafuta na gesi asilia, yaliyoingizwa katika orodha mwaka 1968, mambo yalikwenda mbali zaidi. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Petroli iliyoiachia Zanzibar isimamie ya kwake, na mwaka uliofuata Baraza la Wawakilishi likatunga sheria yake. Orodha yenyewe haikuguswa, kwa kuwa Ibara ya 98 inataka theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar. Kisiasa ilisaidia. Kisheria, naona sheria ya kawaida ilifanya kazi ya Katiba.

Nani angeamua kama ilikuwa halali? Marekani, serikali ya jimbo na ya shirikisho zikigombana, neno la mwisho ni la Mahakama ya Juu. Kwetu, Ibara ya 117 inaizuia Mahakama ya Rufani kugusa ugomvi wa Katiba baina ya Serikali mbili. Shauri la namna hiyo ni la Mahakama Maalum ya Katiba, chini ya Ibara za 125 hadi 128: nusu ya wajumbe wanateuliwa na Serikali ya Muungano, nusu na ya Zanzibar, na uamuzi unahitaji theluthi mbili ya kila upande. Inakutana tu panapokuwa na shauri, na haijawahi kuketi.

Badala yake, kero za Muungano hupelekwa kwenye kamati ya pamoja ya Serikali mbili, chini ya Makamu wa Rais. Mhimili mmoja unazungumza na mwenzake wa aina ileile, hati zinatiwa saini, na hakuna hukumu inayoandikwa.