Dredi

Dredi ni mtindo wa nywele ambamo nywele za kichwani huachwa au husokotwa hadi zishikamane na kuwa kamba nyingi. Huitwa pia rasta, kutokana na wafuasi wa Rastafari, imani iliyoanza Jamaika katika miaka ya 1930. Jina hilo linaweza kumchanganya msomaji, kwa kuwa katika saluni za Tanzania rasta ni pia nywele bandia za kusukia.

Historia

Nywele ndefu za kusokotwa zilijulikana katika uwanda wa kati wa Tanzania kabla ya neno dredi kufika. Richard Burton, aliyepita Ugogo mwaka 1857, alieleza nywele za Wagogo zilizosokotwa nyuzinyuzi na kupakwa samli na udongo mwekundu. Morani wa Kimaasai nao husokota nywele zao hadi wanyolewe katika sherehe ya eunoto. Nchini Kenya, Dedan Kimathi wa Mau Mau alikamatwa mwaka 1956 akiwa na dredi alizofuga msituni.

Kutunza na kutenganisha

Kwa kawaida mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Zinazochanwa hutoka na kitana. Za dredi hubaki ndani na kujisokota pamoja na zilizo hai. Ndivyo kamba inavyonenepa. Lakini nywele mpya zinazoota kwenye ngozi hazijui mipaka: huvuka na kuingia katika kamba ya jirani, na zikiachwa miezi kadhaa kamba mbili huwa moja.

Kwa hiyo dredi hutenganishwa mara kwa mara, hasa baada ya kuosha, nywele zikiwa bado na unyevu. Kamba mbili hushikwa karibu na ngozi na kuvutwa taratibu pande mbili, kisha kila shina husokotwa upya au vinyweleo vilivyolegea huingizwa ndani kwa sindano ya kufumia yenye ncha ya ndoano. Zikiwa zimeshaungana sana zisivutwe kwa nguvu, kwani kamba nyembamba ndiyo itakayong'oka. Ni heri kukata daraja la katikati kwa mkasi. Kusokota kwa kukaza kila wiki pia ni kosa, ingawa hupendeza siku ya kwanza. Nywele za pembeni mwa paji la uso hukatika, na mvuto ukiendelea muda mrefu mashina huharibika yasiote tena.

Dodoma na maeneo jirani yana ukame na upepo wenye vumbi. Hewa kavu husaidia dredi kukauka upesi baada ya kuoshwa, jambo muhimu kwa sababu zikilaliwa mbichi hutoa harufu ya uvundo. Vumbi, hata hivyo, huingia ndani na halitoki kirahisi, hivyo wengi hufunga kilemba. Pale maji ya kisima yalipo na chumvi nyingi, sabuni haitoi povu vizuri na huacha utando mweupe; suuza ya mwisho kwa maji ya mvua husaidia.

Anayefumua dredi asishtuke kuona rundo la nywele sakafuni: nyingi zilishang'oka zamani.

Shuleni

Shule nyingi za Tanzania hudai nywele fupi. Nchini Kenya, Septemba 2019, Mahakama Kuu iliamua kwamba mwanafunzi wa Kirastafari aliyezuiwa masomo kwa sababu ya dredi zake aruhusiwe kurudi darasani.