Kamba Mgeni wa Ziwa Naivasha

Kamba wa baharini ajulikana sana pwani. Lakini kamba mwekundu wa Ziwa Naivasha ni mgeni, asili yake vinamasi vya kusini mwa Marekani. Alitiwa ziwani mwaka 1970 ili avuliwe na kuuzwa, naye akaleta fedha. Ila hula karibu kila kitu: majani, konokono, hata samaki walionaswa nyavuni. Ilipofika miaka ya 1980, mayungiyungi na majani yaotayo chini ya maji yalikuwa yametoweka sehemu kubwa ya ziwa.

Wako wamsifuo kwa kuwa hula konokono waenezao kichocho. Neno hilo ni kweli, na majaribio yaliyofanywa humu Kenya yamelithibitisha. Lakini bwawa halimfungi. Huchimba mashimo kingoni, na penye unyevu hutoka akatembea nchi kavu hata maji mengine. Naye jike hubeba mayai mamia chini ya mkia, hivyo mtu amchukuaye mmoja ndooni kwenda kumtia katika bwawa lake huenda anachukua mamia. Naivasha angaliko hata leo.