Kocha na Pointi Moja ya Ugenini

Mtu wa Ndalambo, wilayani Momba, akitaka kuiona Ligi Kuu nje ya kibanda umiza, hana budi kufika Tunduma, apite pembeni ya foleni ya malori, kisha aendelee hadi Uwanja wa Sokoine, Mbeya. Amelipa nauli, amelipa kiingilio. Dakika ya 65, bado 0-0, winga wa wageni aliyekuwa akimsumbua beki wetu anaitwa nje, anaingia kiungo mkabaji. Kipa wao naye anakumbuka kufunga kamba za viatu. Baada ya mechi kocha wao anasema pointi moja ugenini si haba.

Kosa ni lake? Tutenganishe vyeo kwanza. Kwa Waingereza, meneja wa zamani ndiye aliyepanga kikosi na kuamua nani asajiliwe. Kwetu meneja wa timu anahangaika na hoteli, jezi na leseni, na mara nyingi kocha mkuu anakuta viongozi wameshasajili na lengo wameshalitaja: kubaki Ligi Kuu. Ligi ina timu 16. Mbili za mkiani zinashuka, ya 13 na ya 14 zinakwenda mchujo. Basi klabu inaililia nafasi ya 12 kana kwamba ni kombe. Lengo hilo kocha hakulitunga.

Lakini ule ubao wa mabadiliko ni wake, na hapo simtetei. Mechi kumi za sare zinaleta pointi 10. Shinda nne, fungwa sita, una 12. Tangu ushindi uanze kulipwa pointi tatu, kocha anayejihami ili asishuke daraja anajichimbia shimo mwenyewe, huku akijiona mwangalifu.

Msimu wa 2013/14 Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji iliyokuwa imepanda daraja punde, ilimaliza ya tatu chini ya Juma Mwambusi, nyuma ya Azam na Yanga, mbele ya Simba. Uongozi wa timu kama hiyo ungeridhika kabisa na nafasi ya kumi. Mwambusi baadaye akaenda Yanga kuwa msaidizi. Mbeya City haikuifikia tena nafasi ile, na 2023 ikashuka kupitia mchujo. Ndiyo maana nasema kocha anaweza kuipandisha timu juu ya lengo la viongozi wake kwa msimu mmoja, pengine miwili. Kuibakiza huko kunataka bajeti na timu ya vijana, na hundi hizo hasaini yeye.

Kwenye mechi za kata hakuna mkutano na waandishi. Kocha akimtoa mshambuliaji wakati ni sare, wazee waliosimama nyuma ya goli wanamuuliza hapo hapo, kwa sauti, anaogopa nini.