Kivuli Ndicho Kinachoumbua

Siku hizi yeyote mwenye simu anaweza kumpandisha tembo juu ya paa la nyumba kwa dakika mbili. Tembo anakaa vizuri tu, lakini anayeitazama picha anakunja uso. Wengi hudhani shida ni tembo mwenyewe, kwa kuwa tembo hapandi paa. Hasha. Shida ni kwamba nyumba imepigwa na jua kutoka kushoto na tembo kutoka kulia, tena hana kivuli juu ya bati. Jicho la binadamu huvumilia miujiza mingi. Majua mawili katika anga moja halivumilii.

Huo ndio mtihani mkubwa wa picha za njozi, zile za mkondo ulioitwa surealismu, ambao ilani yake aliitoa André Breton mjini Paris mwaka 1924. Mchoraji hana taabu: akitaka saa iyeyuke kama siagi, anaichora ikiyeyuka. Mpiga picha anahitaji kitu cha kweli mbele ya lenzi. Kwa hiyo ama aitengeneze ajabu yake kabla ya kubonyeza kitufe, ama aiunge baadaye.

Mpiga picha Philippe Halsman alichagua kuitengeneza kwanza. Mwaka 1948, katika picha iitwayo Dali Atomicus, alimnasa mchoraji Salvador Dalí akiwa hewani pamoja na paka watatu na mkondo wa maji uliopinda kama upinde. Stuli na fremu za picha zilining'inizwa kwa waya. Kiti cha upande wa kushoto kilishikwa na mke wa Halsman, aliyesimama nje kidogo ya picha. Halsman alihesabu, ilipofika tatu wasaidizi walirusha paka na maji, ilipofika nne Dalí akaruka. Kila baada ya mruko Halsman alikimbilia chumba cha giza kusafisha filamu, huku wengine wakipangusa sakafu na kuwabembeleza paka. Walirudia mara 28. Kilichowaponza hakikuwa mwanga, kwani wote walikuwa chini ya taa zilezile. Kilichowaponza ni wakati: maji yalimwagika mahali pasipofaa, au paka akatua mapema.

Mmarekani Jerry Uelsmann alikwenda njia ya pili, na kwangu mimi hajapatikana wa kumfikia. Alizaliwa Detroit mwaka 1934, akafundisha Chuo Kikuu cha Florida tangu 1960, na mwaka 1967 jumba la makumbusho la MoMA, New York, likamwandalia maonyesho yake peke yake. Enzi hizo kompyuta ya kuhariri picha haikuwapo. Alichokuwa nacho ni mashine za kukuzia picha, kadhaa, zimepangwa safu moja chumbani, kila moja na negetivu yake.

Tuseme anataka mti uelee juu ya ziwa. Karatasi ya picha, ambayo bado haijaona mwanga, anaiweka chini ya mashine yenye negetivu ya mti. Anawasha taa kwa sekunde chache, huku kipande cha kadibodi kikiikinga ile sehemu ya ziwa. Kisha anaihamishia karatasi kwenye mashine ya pili, yenye ziwa, na sasa anakinga upande wa mti. Ufundi wote uko kwenye ile kadibodi. Ikilazwa juu ya karatasi, mpaka utatoka mkali kama uliokatwa kwa wembe. Fundi huishika hewani, juu ya karatasi, na kuitikisa kidogo kidogo, ili mwanga upungue polepole pale picha mbili zinapokutana. Baada ya hapo karatasi inaingia kwenye dawa, na fundi akikosea sekunde mbili, anaanza upya na karatasi nyingine.

Katika picha ya Uelsmann ya mwaka 1976 kuna chumba cha kusomea chenye meza na vitabu, ila dari lake ni mawingu. Ukuta unapanda, unafifia, unakuwa anga. Nimeikagua sana nikitafuta mahali pa kuweka kidole niseme hapa ndipo palipoungwa, na sijapapata.

Maggie Taylor, Mmarekani mwingine, analitatua suala la mwanga kwa namna inayonichekesha kwa urahisi wake. Vitu vyake vingi havipigi kwa kamera. Anavilaza juu ya kioo cha skana, ile ya mezani kama za ofisini. Taa ya skana haibadiliki, iwe asubuhi au usiku wa manane. Kwa hiyo kila kinacholala juu ya kile kioo kinamulikwa kwa namna ileile, na baadaye kwenye kompyuta vipande vinakubaliana mapema.

Kwetu nako kazi hii si ngeni. Mjini Lamu, Omar Said Bakor aliunganisha picha na picha katika studio yake miaka mingi kabla ya Photoshop. Nairobi ikamtoa Osborne Macharia, anayefuata zaidi njia ya Halsman: mavazi, nywele na vipodozi vinafanywa kwanza, kisha anaambatisha hadithi ya kubuni inayosimuliwa kama historia ya kweli.

Anayetaka kujaribu kwa simu yake aanze siku ya mawingu. Mawingu hutawanya mwanga, vivuli vinalegea, na picha za mahali tofauti zinapatana bila ugomvi mkubwa. Aangalie pia kimo cha kamera, jambo linalosahauliwa mno. Ukipiga bahari umesimama, mstari wa upeo unakuwa sawa na macho yako. Mtu mzima wa kimo chako akisimama kwenye ufuo ulio tambarare, mstari huo utampita usoni. Sasa umpandikize mtu uliyempiga ukiwa umechuchumaa: kwenye picha yake upeo ulimpita kiunoni, na ukimweka tu pale ufukweni ataonekana ama jitu ama ameelea. Ni vigumu programu kukurekebishia hilo vizuri. Rudi ukampige tena, safari hii ukiwa umesimama.