KWA NINI MGONJWA WA AKILI ANAKATAA MSAADA?

Penye gulio au stendi ya basi mara nyingi yupo mtu anayelala nje. Analala barazani mwa duka au chini ya mwembe. Watoto wanamzomea. Wakubwa wanasema, "Kichaa huyo, mwacheni." Lakini wengi wa watu hawa wana kwao. Ndugu walikuja kumchukua, akakimbia. Walimletea blanketi, akalitupa. Mwisho wakachoka, wakasema, "Basi, amependa mwenyewe."

Je, ni kweli amependa? Hebu tulitazame jambo hili.

Ugonjwa wenyewe

Akili huugua kama tumbo linavyougua. Magonjwa ya akili ni mengi. Moja linaitwa skizofrenia. Zaidi ya watu milioni 20 duniani wanalo. Mara nyingi huanza ujanani. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Huweza kuamini kwamba majirani wanataka kumwua. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si kosa la mgonjwa.

Sababu za kukataa

Kwanza, hajui kwamba anaumwa. Mwenye malaria anasikia baridi, kichwa kinamgonga, anakwenda zahanati mwenyewe. Lakini ubongo ndio unaotuambia kama tu wazima au wagonjwa. Ukiugua ubongo wenyewe, nani atatuambia? Ukimwambia, "Wewe mgonjwa," anaona wewe ndiye mwongo. Wataalamu wameona hali hii kwa karibu nusu ya wagonjwa wa skizofrenia.

Pili, anaogopa. Sauti zikimwambia kwamba chakula kina sumu, atakitupa. Akiamini kwamba nyumbani kuna watu wanaomvizia, atalala nje. Kwetu sisi huo ni wazimu. Kwake yeye ni kujiokoa.

Tatu, aliumizwa. Wako waliofungwa kamba au minyororo, wakachapwa ati mashetani yatoke. Wahenga walisema, aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Nne, dawa zina adha zake. Nyingine hukakamaza mwili, hutetemesha mikono, au huleta usingizi mwingi. Mgonjwa akiziacha, ugonjwa hurudi. Daktari anaweza kupunguza dawa au kuibadilisha, lakini lazima aambiwe.

Tufanye nini?

1. Tusibishane naye. Tusimwambie kwamba hakuna sauti, wala tusidanganye kwamba na sisi tunazisikia. Tuseme tu, "Naona hulali vizuri. Pole, ndugu yangu."

2. Aende mtu mmoja anayemwamini. Wakienda kumi, atadhani wamekuja kumkamata.

3. Tuanze na kile anachokubali. Anakataa nyumba lakini anapokea uji? Tumpe uji. Kesho tumpe tena. Siku nyingine tumwulize habari za kidonda chake cha mguu. Mtu anayekataa dawa ya akili huenda akakubali kuoshwa kidonda. Hapo amekwisha izoea zahanati.

4. Tusimtilie dawa katika chakula kwa siri. Siku akigundua, hatakula tena chakula chetu, na hofu yake ya sumu itazidi.

5. Tumpeleke apimwe. Mtu aliyechanganyikiwa ghafla, tena ana homa, huenda ana malaria kali. Huyo awahishwe hospitali siku hiyo hiyo. Pombe na bangi nazo huweza kuvuruga akili. Mgonjwa akihitaji matibabu zaidi, zahanati itampeleka hospitali kubwa. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, imekuwa ikitibu wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927.

Ikiwa kuna hatari

Pengine mgonjwa anataka kujiua au kuwadhuru wengine. Hapo hatuwezi kungoja uji wa kesho. Tumwite mtendaji wa kijiji na polisi. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Kwa sheria hiyo, mgonjwa anaweza kupelekwa hospitali hata kama hataki, lakini kwa utaratibu. Marungu na minyororo si utaratibu.

Ndugu wasomaji, anayekataa msaada leo si lazima aukatae kesho. Wapo waliotibiwa, wakarudi kulima na kulea watoto wao. Mgonjwa akitutupia blanketi letu, tusiseme ametudharau. Tuliokote, tulifue, tumpelekee tena.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chetu, nani analala nje? Ndugu zake wako wapi?
2. Anakataa nini? Anakubali nini?
3. Ni nani kati yetu anayeweza kuongea naye?